Ziwa Likifungwa, Chungu Nacho Je?

Sisi wa Mwanga, Ujiji, Kibirizi na vijiji vyote vya kando ya Tanganyika tuna mazungumzo yasiyokwisha tangu mwaka 2024. Mwaka ule, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, serikali ilifunga uvuvi katika ziwa letu, miezi mitatu mizima. Zile taa tulizozoea kuziona usiku, kama mji mwingine uliosimama juu ya maji, zilizimika. Wengine walisema ni uonevu, wengine wakasema serikali imefanya vema, na wako waliosema yote mawili kwa siku moja, kwa kutegemea kama wamekwisha kula au bado.

Mimi nasema mapema niko upande gani, msije mkadhani nazunguka. Kulipumzisha ziwa ni haki. Lakini mzigo wa kulipumzisha umewaangukia zaidi wale wasio na akiba, na jambo hili yafaa lisemwe kwa adabu, tena kwa sauti.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe, maana ukubwa wake unatudanganya. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake, mahali panaposhuka sana, chafika karibu meta 1,470. Duniani kote hushindwa na Ziwa Baikal la Urusi tu. Mtu akisikia hivyo husema, “Maji yote hayo, samaki wataishaje?” Walakini sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya kumfaa samaki. Dagaa na migebuka wetu huishi katika tabaka la juu tu, kama watu wa nyumba ya ghorofa nyingi ambao wamebanana wote katika chumba cha juu. Tena chumba hicho si chetu peke yetu. Kongo na sisi ndio wenye sehemu kubwa, kisha wafuata Burundi na Zambia. Dagaa hana pasipoti. Ndiyo sababu nchi hizi nne zilifanya mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, zikaweka ofisi ya pamoja Bujumbura, na ndiyo sababu shauri la kufunga halikuzaliwa Dodoma tu.

Wazee wetu walivua kwa moto wa kuni ulioning'inizwa kwenye mtumbwi, na wavu wa mkono. Ikaja karabai, na leo ziko taa za betri na za umeme wa jua, wala hazijui upepo wala mafuta ya taa kupanda bei. Mitumbwi imeongezeka, nyavu zimekuwa ndefu, na matundu yake yamekuwa madogo. Dagaa naye ana maisha mafupi, yapata mwaka mmoja hivi. Ukimkamata kabla hajazaa, umekula mbegu. Ukimwacha azae, baada ya miezi michache watoto wake wamekua. Kwa hiyo miezi mitatu, ambayo kwa ng'ombe si kitu, kwa dagaa ni muda mkubwa sana.

Liko na jambo la joto. Mwaka 2003 wataalamu waliandika katika jarida la sayansi liitwalo Nature kwamba maji ya juu ya ziwa letu yamepata joto na upepo umepungua, hata chakula cha samaki kilicholala chini hakipandi juu kama zamani. Walikadiria kwamba kwa ajili hiyo samaki wamepungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine walichunguza matope ya chini ya ziwa, wakaona samaki walianza kupungua hata kabla uvuvi mkubwa haujaanza.

Hapo mvuvi wa Kibirizi aweza kuuliza, na ni swali la haki: “Kama kosa ni la joto, mbona nafungwa mimi?” Namjibu hivi. Joto hilo latoka kwa viwanda na magari ya dunia nzima, na sisi hatuna mkono wa kulizuia. Lakini shamba likichoka, hata kama si wewe uliyelichosha, huliongezei jembe. Tena kupumzika si desturi ya kigeni kwetu. Kila mwezi, mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hukaa pwani kwa kuwa taa haimvuti dagaa. Hakuna aliyeuita mwezi mnyanyasaji.

Tofauti ni kwamba mbalamwezi huchukua siku chache, na chungu huweza kungoja. Miezi mitatu chungu hakingoji.

Hapa ndipo shauri langu na wakubwa lilipo. Kule Brazili, ziwa au mto ukifungwa ili samaki wazae, mvuvi mdogo aliyeandikishwa hulipwa na serikali kima cha chini cha mshahara kwa kila mwezi wa kungoja. Wametunga sheria juu yake, na imedumu miaka mingi. Sisemi ni njia isiyo na doa. Huko watu wengi wasiopata hata kushika nyavu walijiandikisha wapate fedha. Kisiwani Madagaska nako, wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka walianza mwaka 2004 kufunga sehemu tu ya mwamba wao wa pweza, na sehemu nyingine ikabaki wazi ili watu wale. Haya mawili yangefaa kupimwa hapa kwetu.

“Fedha itatoka wapi?” Si lazima tuanze na mamilioni. Mpango wa TASAF umekwisha kujua njia ya kufikisha fedha kwa kaya maskini. Shida kubwa kuliko fedha ni orodha, na mimi kazi yangu ni ukarani, orodha nazijua. Orodha huandika mwenye kitu. Katika uvuvi huandikwa mwenye mtumbwi, mwenye mashine, mwenye leseni. Kijana anayelipwa kwa mgawo wa usiku, leo mtumbwi huu kesho ule, haandikwi. Na mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri kwa mkopo, akawaanika mchangani au kwenye chanja, akawaokota mmoja mmoja mvua inapotishia, yeye haandikwi kabisa, wakati dagaa wa Kigoma wamepata jina mpaka Dar es Salaam kwa mikono yake. Ziwa likifungwa, mwenye mitumbwi mitatu huuza mfuko wa saruji aliouweka. Mama huyu hudaiwa na kikoba chake Jumamosi ile ile.

Na sisi wenyewe tusijifanye malaika. Dagaa wachanga husogea kandokando kukua, na huko ndiko kokoro hupita, na vyandarua vile tulivyopewa ili watoto wasiugue malaria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zimekataza, kila mtu ajua, na kila mtu humjua anayefanya. Anayevuta chandarua mwezi wa Machi hana haki ya kulalamika kwamba serikali yamnyima samaki mwezi wa Juni. Wala mwenye mamlaka anayepokea chochote ili atazame upande mwingine.

Basi, akina baba na akina mama, Bwana Samaki akija kwenye mkutano wa kijiji kuzungumzia kufunga ziwa, msimalize pumzi zote kwa kubisha. Mwombeni asome daftari lake mbele ya watu, jina kwa jina, na wanikaji dagaa wakae mbele wasikie kama majina yao yamo. Yasipokuwamo, yaandikwe pale pale, kabla mkutano haujafungwa.