Wekundu usioonekana kwa jicho

Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani yetu waliijua kwa jina, imo katika kundinyota la Mkuku. Katika kundi hilohilo kuna wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa: Nebula ya Carina, iliyo umbali wa miaka ya nuru 7,500 hivi. Mwezi wa Mei, saa mbili usiku, geukia kusini utafute Msalaba wa Kusini. Nyoosha mkono, kunja ngumi. Wingu liko ngumi moja na ushei kulia kwa Msalaba. Pasipo na taa za mji utaliona kama doa la kijivu. Kwenye picha, doa hilohilo ni jekundu.

Wengi hudhani rangi hiyo imepakwa kwa kompyuta. Hapana, ipo kweli. Gizani jicho letu hutegemea seli zisizotofautisha rangi, tena wekundu ndio unaozipita zaidi. Wingu lenyewe ni haidrojeni kwa sehemu kubwa. Nyota changa zenye joto kali huimwagia mionzi ya urujuanimno, elektroni zikang'oka, na zinaporudi gesi hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Kamera nyingi za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ndiyo maana baadhi ya wapiga picha za anga hukiondoa.

Kisha inatakiwa subira. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa lenzi ya milimita 200 nyota huanza kuvutika kuwa mistari ndani ya sekunde chache. Kamera hufungwa kwenye stendi yenye mota inayofuata mwendo wa anga, zikapigwa picha nyingi za dakika moja au mbili, na programu ikazilaza moja juu ya nyingine. Chenga hubadilika katika kila picha, mwanga wa wingu haubadiliki. Picha 100 hupunguza chenga mara 10. Mwanaastronomia John Herschel, aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema kati ya 1834 na 1838, alilichora wingu hili kwa mkono, nyota kwa nyota. Kila nikikumbuka hilo, saa mbili za kusubiri kamera huniwia nyepesi.

Ukisafisha picha yako, usiyang'arishe mabaka meusi. Hayo ni vumbi zito na gesi baridi, na humo ndimo uvutano unamokusanya nyota ambazo bado hazijawaka.