Fahamu: Dawa ya minyoo kwa mtoto wa mbwa
Mara nyingi mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo tayari. Mabuu ya Toxocara canis humfikia akiwa bado tumboni mwa mama. Mengine, pamoja na ya safura, hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama naye hunyweshwa.

Kwa umri huo inafaa piranteli ya maji, miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa apimwe kwanza, hata kwa mizani ya jikoni. Dawa humiminwa polepole pembeni mwa shavu kwa bomba lisilo na sindano, bila kuinua kichwa sana, isije ikaingia mapafuni.

Katika maeneo ya wafugaji, kama Bunia, dawa nyingine ya minyoo, ivermektini ya ng'ombe, huwa karibu. Isitumike kamwe: mililita 1 ya asilimia 1 ina miligramu 10, kiasi kinachoweza kumletea mbwa wa kilo 1 mtetemeko, upofu, hata kifo.

Kinyesi kiokotwe kila siku, kwani mayai ya minyoo huanza kuambukiza baada ya wiki kadhaa udongoni, wanakocheza watoto.