Tope la Chini ya Barafu na Maisha ya Pwani Yetu

Chini ya barafu ya Antaktika, kusini kabisa mwa dunia, kuna maziwa. Zaidi ya 400 yameshatambuliwa. Lililo kubwa kuliko yote, Vostok, lina urefu wa kilomita 250 hivi, na barafu iliyolifunika ina unene unaokaribia kilomita 4. Maji yake hayagandi kwa sababu joto la ardhi huyafikia kutoka chini, barafu hulizuia lisipotee, na uzito wa barafu hiyo huyabana yakabaki maji hata chini kidogo ya nyuzi sifuri.

Sakafuni mwa maziwa hayo mna mashapo, yaani tope lililotua tabaka juu ya tabaka, likahifadhi habari za hali ya hewa ya kale.

Desemba 2018 watafiti walilifikia Ziwa Mercer, magharibi mwa Antaktika. Walitoboa zaidi ya kilomita moja ya barafu kwa maji ya moto, yaliyochujwa na kuuliwa vijidudu ili yasilichafue ziwa. Kisha wakateremsha bomba na kuvuta tope.

Ndani yake walipima kaboni 14. Kaboni hii huundwa angani na kuingia katika viumbe hai. Kiumbe kikifa, nusu ya kaboni hiyo hutoweka kila miaka 5,730 hivi, na baada ya miaka 50,000 karibu haipimiki tena. Kama barafu ingekuwa imeziba pale tangu kale, kaboni hiyo isingeonekana. Ilionekana. Basi bahari iliwahi kufika huko, ikaacha mabaki ya viumbe vyake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba miaka 6,000 hivi iliyopita, ukingo wa barafu iliyokalia ardhi ulikuwa umerudi nyuma takriban kilomita 250 kuliko ulipo leo. Baadaye barafu ikasonga mbele tena.

Hapo ndipo penye funzo. Barafu hiyo ilirudi nyuma umbali huo wakati dunia haijajua moshi wa viwanda. Ni nyepesi kuguswa na mabadiliko kuliko ilivyodhaniwa. Barafu ya Antaktika Magharibi ikiyeyuka yote, bahari itapanda kwa zaidi ya mita 3.

Tusiogopeshane. Kuyeyuka kwa kiasi hicho kungechukua karne nyingi, na tope la ziwa moja si utabiri. Lakini tusijifariji pia kwamba barafu itasonga mbele tena kama ilivyofanya zamani. Kusonga kule kulichukua maelfu ya miaka, na hakuna mkulima awezaye kukusubiri.

Bahari imeshapanda takriban sentimita 20 tangu mwaka 1900. Kimo hicho ni kidogo kwa mtu wa mlimani, lakini kwa mkulima wa mpunga wa Pemba au wa delta ya Rufiji, maji ya bamvua yakizidi kidogo tu huleta chumvi shambani. Kwa mama anayeteka maji kisimani karibu na ufuo, ni maji yasiyonyweka. Kwa mvuvi ni hatari kwa mikoko, mahali samaki na kamba wanapokulia.

Si kila ufuo unaoliwa unaliwa kwa sababu ya barafu. Tunapokata mikoko na kuchimba mchanga, tunaibomoa pwani kwa mikono yetu. Habari njema ni kwamba hayo tunaweza kuyaacha sasa. Mikoko iachiwe nafasi ya kusogea bara maji yanapopanda. Visima, zahanati na shule mpya zijengwe mahali ambapo wajukuu wetu wataweza kuzitumia.

Kwa mwanafunzi kuna mwito mwingine. Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka, na mashapo yake yametunza habari za mvua na ukame wa eneo letu. Kuyafikia hakuhitaji kutoboa barafu, bali vijana waliosoma jiolojia, kemia na hesabu, na maabara za kuwapokea. Tukiwekeza kwao, mkulima wa Kigoma na wa Uvira atapata maarifa ya mvua zake kutoka katika ziwa lake mwenyewe.