Mabwana Nyama wa Zamani na Simba Wala Watu

Jamani, sisi tuliokulia pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, nani hajawahi kulala dunguni akilinda shamba? Wazee wetu walimwogopa nguruwe, na zaidi simba anayemfuata.

Ng'ambo ya Ruvuma, enzi za Mwingereza, kuwasaka simba wala watu ilikuwa kazi ya Bwana Nyama wa serikali. Mmoja wao, George Rushby, alipewa kazi hiyo Njombe. Simba wa huko waliua mchana, usiku wakahamia mbali, kwa hiyo kuwavizia kulikuwa kugumu. Rushby na maaskari wake wakafuata nyayo kwa miguu. Hadi mwaka 1947 simba 15 walikuwa wameuawa, watu wakapumua.

Lakini bunduki ni nusu ya dawa. Kabla ya hapo serikali yenyewe iliua wanyama pori wengi ili kuzuia sotoka ya ng'ombe, simba wakakosa chakula. Nao watafiti walieleza mwaka 2005 kwamba kusini mwa Tanzania nguruwe pori ndio huwavuta simba mashambani.

Basi wazazi, tukijaliwa kurudi kulima, tufyeke vichaka, dungu liwe juu na imara, na mtoto asilinde shamba peke yake.