Chungu cha Maharage Huanza Usiku

Maharage ya kesho mchana huanza kupikwa leo usiku. Yanamwagwa kwenye ungo, yanachambuliwa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, yanaoshwa, kisha yanazamishwa kwenye maji mengi na kuachwa mpaka asubuhi. Kazi yenyewe haifiki robo saa, lakini ndiyo inayorukwa na wapishi wengi, na matokeo yake huonekana adhuhuri: mkaa umekwisha, watoto wana njaa, na punje bado ni ngumu.

Watu wengi waliyachoka maharage shuleni. Katika mabweni ya Tanzania na Kenya, ugali kwa maharage, makande au githeri vilipakuliwa kutoka kwenye masufuria makubwa, vimechemshwa kwa chumvi tu, leo na kesho na keshokutwa. Aliyekula hivyo miaka minne ana haki ya kukinai. Tatizo ni kwamba wengi walitoka shuleni wakiamini kuwa hicho ni chakula cha shida, kinachopikwa nyama ikikosekana. Maharage yale yale, yakipata kitunguu, nazi na mpishi asiye na haraka, ni mlo wa kumkaribishia mgeni bila kuomba radhi.

Kuloweka kunafanya kazi mbili. Punje ikishanyonya maji usiku kucha, muda wa kuiva hupungua sana. Pili, sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni huyeyuka na kubaki kwenye maji yale, ndiyo maana wapishi wazoefu huyamwaga na kuinjika maharage kwa maji mapya. Hapo moto uwe mkali kwanza. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibika yakichemka kwelikweli kwa angalau dakika 10. Anayeyaweka kwenye moto hafifu tangu mwanzo, maji yasifike hata kutokota, anaweza kuwaumiza tumbo watu wa nyumbani kwake. Yakishachemka vya kutosha, moto unapunguzwa na sufuria inafunikwa.

Mahali nako kuna neno lake. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Nairobi au Mbeya, ambako mtu yuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu na nyuzi 94. Kwa hiyo mpishi wa nyanda za juu atangoja zaidi hata kama moto wake ni mkali kuliko wa mwenzake wa pwani. Umri wa maharage nao unahesabika: yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu hukakamaa, na mengine hayalainiki kabisa. Kwa hiyo sokoni, kabla ya kuuliza bei, afadhali mtu aulize kama ni ya msimu huu.

Wapo wanaotia magadi ili kuharakisha. Yanasaidia kweli, ila yakizidi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Nyanya, ukwaju na ndimu hufanya kinyume chake: uchachu hukaza ganda, kwa hiyo visubiri mpaka punje ibonyezeke kwa vidole viwili bila kubishana.

Baada ya hapo ndipo maharage yanaungwa, na hapa ndipo mpishi anapojulikana. Kwa nusu kilo ya maharage makavu, nazi mbili zilizokomaa zinatosha. Zinakunwa kwenye mbuzi, zinatiwa maji ya uvuguvugu kidogo na kukamuliwa kwa kifumbu au chujio: hilo ni tui zito, linawekwa pembeni. Machicha yanaongezwa maji na kukamuliwa tena, mara moja au mbili, kupata tui jepesi. Kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kisha kitunguu saumu, binzari, nyanya iliyokatwakatwa. Nyanya ikishaiva na mafuta kujitenga, maharage yanaingia pamoja na tui jepesi, yanachemka taratibu mpaka mchuzi ushikane. Tui zito huja mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, na mwiko hautoki mkononi, kwa sababu tui likichemshwa kwa nguvu bila kukorogwa hukatika na mafuta yakaelea juu. Pilipili mbichi nzima hutupwa humo bila kupasuliwa, iache harufu yake bila kuwasha kila mtu.

Utaratibu huo wa tui mara mbili ndio unaobeba sehemu kubwa ya chakula cha pwani kisicho na nyama. Mpishi akiushika, anaweza kupika kunde, choroko, mchicha, boga au muhogo wa futari. Mbaazi za nazi ndizo mfano mzuri kuliko yote. Mombasa, Lamu na Zanzibar huliwa asubuhi kwa mahamri yenye harufu ya iliki, na anayekula hivyo saa moja asubuhi hatafuti kitu kingine mpaka mchana.

Bara kuna makande, na hapa Wapare wana la kusema. Mahindi makavu hukobolewa kwanza kwa kutwangwa kwenye kinu ili ganda la nje litoke, kisha hupikwa pamoja na maharage. Wakamba wa Kenya nao hukoboa mahindi yao na kuyaita muthokoi, ilhali githeri ya Wakikuyu hupikwa kwa mahindi yenye ganda lake. Mahindi yanachelewa kuiva kuliko maharage, kwa hiyo yatangulie jikoni. Vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharage ni kipimo kizuri, na wengi huyamalizia kwa nazi, karanga zilizosagwa au kitunguu na karoti tu. Kule Kagera, badala ya mahindi, maharage hupikwa sufuria moja na ndizi mbichi, na mchuzi wake hujitengeneza wenyewe.

Bibi aliyepika makande hakuwa na maabara, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya viungo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na laisini hiyo imejaa kwenye maharage. Maharage nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo zaidi. Sahani moja inajaza pengo la pande zote mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa wali na choroko, au ugali na kunde.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani hayaingii mwilini kwa urahisi kama ya nyama. Ndimu, kachumbari ya nyanya au kipande cha embe mbichi pembeni ya sahani husaidia sana, wakati chai ya rangi inayonywewa hapo hapo na chakula huzuia. La pili ni vitamini B12, ambayo mimea haina. Yai, kikombe cha maziwa mgando au konzi ya dagaa mara kwa mara vinaziba nafasi hiyo, na ndivyo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilivyokula siku zote.

Kisamvu kinastahili tahadhari yake. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sumu ya sayanidi, na namna ya kuiondoa ni ile ile ya zamani: majani machanga yanatwangwa kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, kisha yanachemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Ndipo kinaungwa kwa karanga au nazi. Kongo wanakiita pondu au sombe, Rwanda na Burundi isombe, na kote huko hakuna anayethubutu kukila kibichi.

Gharama ya kweli ya vyakula hivi iko kwenye moto. Maharage yenyewe si ghali ukilinganisha na nyama, lakini saa tatu za mkaa zinaweza kuimeza nafuu hiyo yote. Ndiyo sababu jiko la presha limeingia majumbani: ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa nusu saa hivi. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mkakati kama huo utapimwa kwa sufuria ya maharage kuliko kwa birika la chai, kwa sababu maharage ndiyo yanayomrudisha mama kwenye mkaa.

Asiye na presha anaweza kuchemsha maharage nusu saa, akaifunga sufuria kwa blanketi zito ndani ya kapu lililojazwa vitambaa, na kuliacha joto liendelee kazi kwa saa kadhaa. Kabla ya kupakua huyarudisha motoni mpaka yachemke tena.

Njia nyingine ni kuchemsha kilo nzima siku ya mapumziko bila kuyaunga, kuyagawa kwenye vyombo vidogo na kuyagandisha kwenye friji. Kila jioni kinatolewa kimoja: Jumatatu kiungwe kwa nazi, Jumatano kwa karanga, Ijumaa kwa nyanya na hoho. Kilichokwisha kutiwa nazi kiliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa tui huchacha upesi kwenye joto la pwani.