Mguu wa Bandia Hauazimwi

Huku Gulwe na vijiji vingine vya Mpwapwa swali moja hutufikia sisi wauguzi mara kwa mara: marehemu ameacha mguu wake wa bandia ndani ya nyumba; je, ndugu yake aliyekatwa mguu anaweza kuuvaa? Jibu letu ni hapana. Ili tuelewane vizuri, tuangalie kwanza miguu hiyo ilivyoanza kutengenezwa.

Zamani mguu wa bandia ulikuwa kazi ya fundi na jamaa yake. Huko Marekani, mwezi Juni 1861, kijana wa miaka 18, James Edward Hanger, alipigwa na mzinga vitani akakatwa mguu. Alijichongea mguu kwa mbao za pipa, akautia bawaba kwenye goti. Majeruhi wengine wakautaka pia, naye akafungua karakana. Baadaye wanawe wakaingia katika kazi hiyo.

Ujerumani, Otto Bock alianza biashara yake Berlin mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waliokatwa viungo walikuwa maelfu kwa maelfu, na mafundi wa kuchonga mguu mmoja mmoja wasingeweza kuwahudumia wote. Bock akaona njia: vipande vya goti na wayo vitengenezwe kwa wingi, kisha vipelekwe kwa mafundi wa kila mahali, nao wamuungie kila mgonjwa mguu wake. Mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha familia hiyo kilichokuwa Königsee kilitaifishwa. Lakini mkwewe, Max Näder, alikuwa ameshaanza upya mji wa Duderstadt mwaka 1946. Mwaka 1969 alipata hataza ya kiungio kinachomwezesha fundi kuunganisha vipande, kuvinyoosha na kuvibadilisha. Mwanawe, Hans Georg Näder, alishika uongozi mwaka 1990.

Sasa tuzingatie jambo hili. Goti na wayo vyaweza kutoka kiwandani, lakini sehemu ya juu inayopokea kigutu hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja tu. Fundi hufunga plasta juu ya kigutu cha mgonjwa mwenyewe ili apate umbo lake. Mguu wa kuazima hubana hapa na kulegea pale. Ngozi huchubuka, na kwa mwenye kisukari mchubuko huo waweza kuwa kidonda kisichopona, hata akakatwa tena.

Mafundi wa kazi hii tunao nchini. Chuo chao, TATCOT, kilianzishwa mwaka 1981 kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kwa msaada wa Ujerumani, na kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Wala mguu wa bandia si kwa watu wa mjini tu. Mwaka 1968, Jaipur nchini India, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walibuni wayo wa mpira kwa ajili ya watu wanaotembea peku, wanaochuchumaa na kulima.

Ewe mzazi au ndugu wa mgonjwa, shika mambo haya:

1. Baada ya kukatwa, usiweke mto chini ya goti, hata kama mgonjwa anaona raha. Goti likikauka likiwa limekunjika, kuvaa mguu kutakuwa kazi ngumu.

2. Funga bandeji kama ulivyoelekezwa hospitalini, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo zuri.

3. Kidonda kikishapona, osha kigutu kila siku kwa maji na sabuni, kisha kikaushe vizuri. Soksi yake nayo ifuliwe kila siku.

4. Kila jioni tazama ngozi. Ukiona wekundu usioondoka au kidonda, acha kuvaa mguu huo, nenda kituo cha afya.

5. Mtoto hukua, mguu wa bandia haukui. Mrudishe kwa fundi mara kwa mara.

6. Mwenye kisukari aulinde sana mguu uliobaki: avae viatu, naye asiuweke karibu na moto.

Mguu wa marehemu upelekeni kwa fundi; huenda baadhi ya vipande vikafaa. Mgonjwa naye aende hospitali ya wilaya akaombe barua ya rufaa. Asikae ndani mwaka mzima akingoja, maana misuli hulegea na viungo hukakamaa. Safari ni ndefu na nauli ni mzigo, lakini familia ikichangiana mapema, mtu wao aweza kurudi shambani kwa miguu yake.