Fundi, Fundi Sanifu na Mhandisi: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya

Mbeya ni mji ulio katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, penye barabara kuu na reli ziendazo Zambia. Huko ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chuo cha serikali kilicho kichanga kwa cheo, lakini si kichanga kwa kazi. Kilianza mwaka 1986 kuwa Chuo cha Ufundi, kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 2005 kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia. Na mwaka 2012 kikapandishwa kuwa chuo kikuu. Majina hayo matatu yastahili kuangaliwa na wachunguzi wa lugha, maana cheo cha chuo kilipobadilika, cheo cha mtu aliyetazamiwa kutoka chuoni kilibadilika pia.

Neno fundi ni la zamani, nalo ni jamaa ya kufunda na kufunza. Fundi, basi, si mtendaji tu, bali ni mwenye maarifa awezaye kumpa mwingine. Kazi za kisasa zilipotaka daraja, lugha haikulitupa neno hilo, bali ililiongezea sifa. Fundi mchundo ni yule atendaye kwa mikono. Fundi sanifu ni yule asomaye michoro, apimaye na asimamiaye. Juu yao yupo mhandisi, neno lenye asili ya Kiarabu, naye ndiye abuniye jengo au mtambo na kuwajibika kwa hesabu zake.

Chuo cha Ufundi cha Mbeya, kama kile cha Dar es Salaam cha mwaka 1957 na kile cha Arusha cha mwaka 1978, kiliwekwa hasa kwa ajili ya fundi sanifu. Chuo kikuu sasa chatoa shahada za uhandisi, na stashahada hazikuachwa. Jambo hili si dogo. Mhandisi asiye na fundi sanifu hubaki na michoro mezani. Kwa hiyo chuo kipandacho cheo kwa kuwasahau mafundi sanifu hupoteza kile kilichokipa sababu ya kuwako.

Kati ya watu hao yapo pia maswala ya lugha. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali aghalabu alifundishwa kwa Kiswahili. Sekondari na chuo kikuu humfundisha kwa Kiingereza. Na akiisha kuhitimu atasimama katika karakana ambamo watu husema Kiswahili. Humo maneno si haba. Karakana lenyewe lina asili ya Kiajemi, parafujo ya Kireno, na msasa limetoka katika mti wenye majani ya kukwaruza. Mafundi hawakungoja kamati ili wavipe vyombo vyao majina.

Lakini upungufu huonekana pale inapohitajiwa dhana, wala si chombo. Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu hutosha kwa kila kitu: nguvu ya mashine, nguvu ya umeme, nguvu ya kusukuma. Fizikia haikubali hivyo. Kani hupimwa kwa nyutoni, nishati kwa juli, na kadiri ya kazi ifanywayo kila sekunde kwa wati. Mhandisi akimwambia fundi kwamba pampu haina nguvu, fundi hajui kama yampasa kutazama shinikizo la maji, umeme uingiao, au mota yenyewe.

Kani na nishati si maneno ya kutafutwa leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Linalotakiwa sasa ni watu wa kuyazoea maneno hayo kazini, na hapana mahali panapofaa zaidi kuliko chuo ambamo mhandisi na fundi sanifu hufundishwa chini ya paa moja. Wasipoelewana hapo, haielekei kwamba wataelewana mbele ya mtambo ulioharibika.